Barua kwa mwanangu Gwakisa: nenda kachome sindano ya pepopunda

Ugonile baba. Huku Tukuyu tupo wazima, mvua haikatiki na baba yako yupo kwenye migomba. Jana kwenye simu umeniambia juu juu tu kwamba umekanyaga msumari hapo kwenye mbao Mafinga, ukamwagia spiriti ukaendelea na kazi. Mimi usingizi sijapata.

Nilivyokuuliza chanjo ukasema mama si ulinipeleka kliniki nikiwa mtoto. Nilikupeleka ndio, kadi yako ninayo sandukuni mpaka leo, imechanika kona ila tarehe zinasomeka, za DPT, yaani dondakoo, kifaduro na pepopunda, zote tatu zipo. Lakini baba hizo za utotoni sio za maisha, kinga ya pepopunda inapungua kadri miaka inavyoenda ndo maana mtu mzima anatakiwa arudie kila baada ya miaka 10, na wewe wa mwaka 1997 hujarudia hata mara moja. Dada yako amekuzidi mbali, maana akibeba mimba kliniki wanamchoma. Nyie wanaume mkishashuka mgongoni kwa mama hakuna anayewauliza tena, na ndo nyie mnashinda na misumari na misumeno, hili jambo linaniuma kweli.

Watu wanasema pepopunda inaletwa na kutu, hapana, ni vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na mavi ya ng'ombe, msumari unaviingiza ndani kabisa ya nyama kusikofika hewa na huko ndo vinastawi, spiriti ya juu juu haivifikii. Kidonda kinaweza kufunga ukasahau, afu ndani ya siku 3 mpaka 21 hivi taya linaanza kukaza, kijiko cha uji hakipiti, shingo inakakamaa, mgongo unajipinda kwa nyuma, na mgonjwa akili zake anazo zote anasikia kila kitu. Nilishamwona mtu hivyo, sitaki kuona tena. Na hata anayepona lazima achanjwe maana kuugua hakumpi kinga.

Kwahiyo usingoje wikiendi, nenda kesho asubuhi, waambie umekanyaga msumari lini na kwamba chanjo ya mwisho ni ya utotoni, wakisafishe kidonda, wakuchome, na uulize unarudi lini.

Ukiwa hapo hapo ulizia na homa ya ini B. Hiyo hujawahi kuchoma kabisa, kwenye chanjo za watoto hapa nchini iliingia 2002, wewe ulishakuwa unakimbizana na wenzio. Wanakupima damu kwanza, ukikutwa huna ugonjwa unachoma tatu, siku hiyo, baada ya mwezi, na ya mwisho miezi sita baada ya ile ya kwanza, na wengi hiyo ya mwisho ndo wanaingia mitini, wewe usije ukafanya hivyo. Huo ugonjwa unakaa mwilini kimya miaka na miaka huku ini linaharibika, wengine mpaka inakuwa saratani, na unapita kwenye damu na kwenye ngono, kwahiyo hizo nyembe mnazoazimana kambini acha kabisa.

Najua mshahara haujatoka na hiyo ya ini watu wazima wanalipia. Nimeuza ndizi juzi, nakutumia hela kwenye simu jioni hii, ni ya kupima na sindano ya kwanza, usiigawe kwa mtu. Ukishachoma nitumie picha ya kadi niione kwa macho yangu.

Mama yako