Wanaoenda Ujerumani wafunzwe pia lugha ya kutongozana

Mhariri,

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa wafanyakazi pale Berlin Septemba 2024 vijana wengi wanakazana na Kijerumani, na mimi niliyefanya kazi huko ya kutunza wazee naomba nafasi niseme kitu ambacho madarasani hakiguswi, yaani vile watu wanavyokatiana huko. Unafika na cheti chako cha B1, yaani Kijerumani cha kiwango cha kati, der die das, yale maneno yanayotangulia majina, zote unazo kichwani, halafu mtu anakuongelesha kwa basi na hujui anakusalimia ama anakutaka.

Chukua anmachen. Darasani ni kuwasha taa, basi. Mtaani ni kumkatia mtu, na pia ni kumsumbua ama kumchokoza, kwa hiyo msichana akisema mach mich nicht an, usinisumbue, hapo si mchezo tena, wacha kabisa. Anbaggern nayo imetoka kwa Bagger, ile mashine ya kuchimba barabara, ni kutongoza kwa nguvu bila kujificha. Ukimkataa mtu umempa Korb, kikapu, na kukataa waziwazi hivo si ukosefu wa adabu kule, sisi tuliolelewa kusema "nitaona" ama "siku nyingine" ndio tunaingia shida kwa sababu Mjerumani akisikia siku nyingine anakuuliza siku gani.

Halafu kuna maneno ya kawaida yanayokugeukia. Joto la Julai likizidi ukasema ich bin heiß umesema mwili una hamu, sema mir ist heiß. Na mein Freund ni mpenzi wako, rafiki tu ni ein Freund von mir. Dada mmoja tuliyefanya kazi naye alimtaja hivo kijana wa zamu ya usiku, hakuwa na maana yoyote, na maneno yakazunguka hadi yule kijana mwenyewe akaanza kumfuata mpaka kituo cha treni. Dada huyo alilia sana, na hakuna aliyewahi kumweleza.

Mkienda kula weita atauliza zusammen oder getrennt, pamoja ama kila mtu yake. Kila mtu kujilipia ni kawaida tu, haimaanishi hakupendi, na akikulipia pia huna deni lake.

Wasichana wajue na hili, tangu 2016 sheria ya Ujerumani inafuata Nein heißt Nein, hapana ni hapana, ukionyesha hutaki na mtu akaendelea kukufanyia tendo la ngono ni kosa la jinai hata kama hakutumia nguvu, na kukushikashika kwa njia ya ngono pia ni kosa. Kwa baa na klabu nyingi ukisumbuliwa unaenda kaunta unauliza ist Luisa hier, yaani Luisa yuko hapa, mpango ulioanzia mji wa Münster mwaka huohuo, na wahudumu wanakusaidia kutoka bila maswali mengi. Simu ya wanawake wanaodhulumiwa ni 116 016, ni ya bure, usiku na mchana.

Walimu wa Kijerumani Mombasa, Nairobi, Kisumu na kwingine, nawaomba mtenge hata vipindi viwili vya mambo haya kabla ya mtihani, na muwaite tuliorudi tuje tuongee na wanafunzi, mimi nitakuja bila malipo.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa