Majaribio ya hatua kwa hatua na kumbukumbu ya mabadiliko

Ndugu wanakikundi,

Naomba kuanzia sasa kila badiliko lijaribiwe peke yake kabla ya kuunganishwa na msimbo mkuu wa programu yetu, badala ya kurundika marekebisho 20 na kuyajaribu kwa pamoja usiku wa kuamkia siku ya kutoa toleo. Juzi nilitafuta hitilafu kwa amri ya bisect ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), ambayo hugawa historia hiyo nusu kwa nusu na huweza kulibaini badiliko lenye kasoro miongoni mwa 1,000 kwa majaribio 10 hivi; ilinifikisha kwenye badiliko moja lililogusa mafaili 34, nikabaki palepale.

Mstari wa kumbukumbu ya mabadiliko, yaani orodha inayoeleza kilichobadilika katika kila toleo, uandikwe pamoja na badiliko lenyewe, si wiki tatu baadaye, na kwa lugha ya mtumiaji. “Marekebisho madogo” hayamsaidii mtu (nami nimewahi kuandika hivyo). “Programu haijifungi tena faili likiwa tupu” inamsaidia. Tukiondoa kitu ambacho programu za wengine zinakitegemea, tukitaje waziwazi, na namba ya kwanza ya toleo ipande, kwa mfano kutoka 2.4.1 hadi 3.0.0.

Msimamizi wa mradi