Tuujue kwanza ugonjwa wa mikorosho, dawa baadaye

Mhariri,

Naandika kuhusu magonjwa ya majani ya mikorosho, ambayo huzungumzwa zaidi msimu wa kugawa pembejeo. Kwetu Newala jani likiharibika, jibu ni moja: salfa. Mwaka juzi nami nilipuliza alfajiri, umande ukiwapo na upepo umetulia, kama tulivyofundishwa. Majani machanga yaliendelea kupata mabaka ya kahawia, yakachanika na kupukutika. Korosho changa nazo zikawa nyeusi.

Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye maua na majani teketeke. Blaiti, ugonjwa unaobabua majani na korosho changa, huletwa na kuvu mwingine kabisa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, na wenzao waliueleza kama ugonjwa mpya mwaka 2006, wakaonyesha kuwa unasababishwa na kuvu wa jenasi ya Cryptosporiopsis. Kazi ile ya maabara, ambayo wengine huiona ya kujifurahisha wasomi, ndiyo inayomwambia mkulima aache kumwaga fedha kwenye mfuko wa dawa isiyohusika. Na mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, naye huacha madoa yanayofanana, kwa hiyo macho pekee hayatoshi.

Naomba maofisa ugani wakusanye majani yenye dalili kabla ya kupuliza, wayafunge kwenye karatasi, si mfuko wa nailoni unaoyaozesha, na kuyapeleka Naliendele. Majibu yabandikwe kwenye ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika, pale pale tunapochukulia dawa.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara