Barua kutoka Amu: nani afanane na nani?

Mkomani, Lamu

Swahibu yangu,

Assalaam aleykum. Natumai nyote hapo Malindi hamjambo na wazee wazima. Huku kwetu ni salama tupu.

Ama baada ya salamu, barua yako imefika. Umenieleza kuwa barazani kwenu wameshikilia kwamba runinga iliiharibu The Walking Dead, ile hadithi ya vitabu vya katuni kuhusu wafu wanaotembea, kwa kuchukua waigizaji wasiofanana na watu waliochorwa. Waulize kwanza: wafanane na mchoro upi? Tony Moore alichora matoleo 6 ya mwanzo, halafu Charlie Adlard akashika kalamu kuanzia toleo la 7 mpaka la 193, lililotoka 2019. Mchukue Rick, mhusika mkuu: mweke wa toleo la 6 ubavuni mwa wa toleo la 7. Wa Moore ana uso laini wa katuni, wa Adlard amejaa vivuli vyeusi. Utadhani ni watu wawili, na hapo hakuna mwigizaji hata mmoja aliyekwisha kuitwa.

Mtu wa karatasini hana sauti, tena hazeeki. Mimi hapo ndipo ninapompima mwigizaji.

Sauti kwanza. Andrew Lincoln, aliyemwigiza Rick, ni Mwingereza, na Rick wa runinga ni askari wa Georgia, kusini mwa Marekani. Wewe wajua mtu akisema "mato" tu, tumeshamtambua kuwa ni wa Amu. Na anayeigiza Kiamu humchukui dakika mbili hujamgundua. Lincoln aliibeba lafudhi ya watu wengine tangu 2010 mpaka alipoondoka 2018, akinong'ona, akilia, akipiga kelele. Sikiliza anavyomwita mwanawe Carl: jina linavutwa hadi linakuwa kama "Korol". Kwenye kiputo cha maneno huwezi kulisikia hilo.

Umri ndio uliowashinda watu wa runinga. Chandler Riggs, aliyekuwa Carl, alizaliwa 1999. Sehemu ya kwanza iliporushwa alikuwa na miaka 11, na Carl alipokufa mapema 2018 kijana alikuwa na 18. Hadithi yenyewe haikuwa imesogea kwa kasi hiyo hata kidogo, kwa hiyo ukimtazama Carl na mdogo wake Judith, mmoja amekuwa mwanamume na mwingine bado anabebwa. Adlard alimweka Carl mtoto kwa muda alioutaka, na kitabuni Carl anafika mpaka mwisho. Ukichagua mtoto kwa kazi ya miaka mingi, ama uruke miaka ndani ya hadithi mapema, ama ukubali shingo na sauti yake vitakutangulia.

Sasa nije kwa Tyreese, maana hapa wenzako wana haki ya kulalamika, ila wanamlaumu asiyehusika. Chad Coleman, aliyemwigiza, alifaa kabisa: kifua, mabega, ile nyundo mkononi, na upole wa macho juu yake. Tatizo ni zamu. Kitabuni Tyreese anaingia toleo la 7 na kuwa mkono wa kulia wa Rick. Runinga ilimleta mwishoni mwa 2012, katikati ya msimu wa 3, na mkono wa kulia ulikwisha kuwa Daryl. Huyo Daryl kitabuni hayumo! Norman Reedus alikwenda kwenye usaili akitaka nafasi ya mhusika aitwaye Merle, Michael Rooker akaipata, na Reedus akaandikiwa mhusika mpya. Chanda chema huvikwa pete, sikatai, lakini pete ile ilitoka kidoleni mwa Tyreese. Hata kifo chake kilihamishwa: toleo la 46 Governor, adui mkubwa wa Rick, anamkata yeye kichwa kwa upanga wa Michonne, mwanamke wa kundi la Rick, na runinga ikampa kifo hicho Hershel, mzee wa kundi hilo. Coleman akabaki na umbo sahihi bila kazi ya umbo lile. Hilo linaniuma mpaka leo.

Michonne sina maneno mengi. Danai Gurira, aliyekulia Zimbabwe, alimpata sawasawa. Ila waambie kuwa yule Michonne aliyejifunika kofia mwisho wa msimu wa 2 hakuwa Gurira, wasije wakamhukumu kwa dakika ile.

Na mkono wa Rick? Kitabuni Governor anaukata toleo la 28. Kwenye runinga, mwigizaji mwenye mikono miwili angelazimika kufichwa mmoja katika kila tukio, kwa kuufunga au kuufuta kwa kompyuta, kwa miaka yote iliyobaki. Ni gharama, na inamnyima kupanda ukuta au kujaza risasi bastola. Sioni kosa hapo.

Governor mwenyewe tutabishana. Mchoro una nywele ndefu na masharubu ya kushuka. Ukimwona tu, ushajua ni mbaya. David Morrissey ana uso safi wa mtu unayeweza kumwachia watoto, na ndiyo maana watu wa Woodbury, mji alioutawala, wakamfuata. Mimi nampenda Morrissey zaidi.

Nakutumia matoleo ya 7, 27, 28 na 46 kwa basi la Mokowe la Jumatatu. Anza na la 27, lina Governor anapoingia, kisha uniandikie.

Nisalimie wa nyumbani, na mama mbusie mkono.

Swahibuyo wa Amu