Nukuu ambayo kipa hakuitamka: malalamiko kwa waandaaji wa kambi ya uandishi wa habari za michezo

Kwa Mkurugenzi wa Kambi,

YAH: KUBADILISHWA KWA HABARI YA BINTI YANGU NA KULISHWA MANENO KWA MCHEZAJI

Mimi ni mama wa mmoja wa vijana waliolala kwenye kambi yenu ya kiangazi kwa siku 12, kundi la pili. Binti yangu ana miaka 15. Nimekaa wiki mbili bila kuwaandikia barua hii kwa sababu nilitaka kwanza nisome daftari lake, nisikilize alichorekodi, kisha nilinganishe na kile mlichokichapisha kwa jina lake. Nimeshafanya hivyo.

Siku ya saba mliwapeleka vijana kuripoti mechi ya kirafiki ya wasichana wa kambi ya soka mnayopakana nayo. Mechi iliisha 2–1. Bao la ushindi lilitokana na penalti ya dakika ya 71, baada ya kipa kutoka langoni na kumwangusha mshambuliaji. Binti yangu hakukimbilia kwa mfungaji, ambaye tayari alikuwa amezungukwa na wenzake. Alimsubiri kipa, akamwomba ruhusa ya kurekodi, akamwuliza ilikuwaje. Kipa alijibu: "Nilitoka mapema. Lile ni kosa langu, mabeki wasilaumiwe." Akaomba asiulizwe zaidi, na binti yangu akamwacha aende zake. Rekodi yote ni dakika 1 na sekunde 40, na sehemu kubwa ni kelele za uwanjani.

Aliandika aya sita. Matokeo aliyaweka juu, penalti ikafuata, kisha nukuu ya kipa neno kwa neno, na mengine akayashusha chini, kama mlivyomfundisha wenyewe siku ya pili: la muhimu litangulie, ili mhariri akibanwa na nafasi akate kuanzia mkiani bila kuua habari. Nimeisoma nakala yake ya mkono. Ina makosa ya tahajia mawili na sentensi moja ndefu mno. Uongo haumo.

Asubuhi yake ilitoka kwenye tovuti yenu na kurasa zenu za mitandao ya kijamii, ikiwa na jina lake na picha yake. Penalti imesukumwa hadi aya ya mwisho. Nukuu ya kipa imefutwa na mahali pake pamewekwa hii: "Hapa nimejifunza kwamba hakuna kushindwa, kuna kukua tu. Nawashukuru wote walioandaa siku hii." Maneno hayo hayamo kwenye rekodi wala kwenye daftari. Aliyeyatunga alikuwa ameketi ofisini kwenu.

Jioni ile kipa alimfuata binti yangu penye uzio, mbele ya wenzake, akamwuliza: "Mbona umenilisha maneno?" Naomba msimame hapo kidogo. Msichana aliyepoteza mechi alikuwa na ujasiri wa kubeba kosa lake hadharani ili mabeki wake wasisemwe. Ninyi mkamvua ujasiri huo, mkamvika tangazo la kambi, na aliyeonekana kufanya hivyo ni mtoto wangu.

Alipokwenda kwa mkufunzi wa zamu, aliambiwa kwamba kila habari huhaririwa, na kwamba atazoea.

Kuhariri nakujua. Mhariri hukata, hupanga, hurekebisha lugha, huuliza "umethibitishaje hili?" na anaweza hata kuirudisha habari yote iandikwe upya. Ila kilichomo ndani ya alama za nukuu ni mali ya aliyesema. Ukikifupisha, maana yake ibaki pale pale. Usipokipenda, kiache nje. Kumtungia mtu maneno si kuhariri, na mwandishi anayekamatwa na kosa hilo kwenye chumba cha habari chenye heshima hufukuzwa. Sasa mtoto wa miaka 15 ameambiwa na mwalimu wake kwamba ni jambo la kuzoea.

Fomu yenu ya maombi iliwataka waandike insha kuhusu mwandishi wanayemhusudu. Yeye alimchagua Melissa Ludtke wa jarida la Sports Illustrated, aliyezuiwa kuingia kwenye vyumba vya wachezaji vya kubadilishia nguo wakati wa fainali za besiboli za World Series mwaka 1977. Yeye na kampuni iliyochapisha jarida hilo wakafungua kesi, na mwaka 1978 mahakama ya New York ikaamua kwamba kumzuia kwa sababu ni mwanamke kulivunja haki zake. Mlimjibu kwamba insha hiyo ndiyo iliyompa nafasi. Je, mlielewa alichokuwa anakisema? Ludtke alipigania mlango ule kwa sababu mchezaji husema mambo yake pale, muda mfupi baada ya mechi, na asiyekuwepo hulazimika kuomba asimuliwe. Binti yangu alikuwepo. Alisikia kwa masikio yake.

Tena mnapokea wasichana wengi, kwa hiyo nitaongeza hili. Mwaka 2016 waandishi wa gazeti la Indianapolis Star walichapisha tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, baada ya Rachael Denhollander, aliyewahi kucheza mchezo huo, kuwaandikia na kueleza aliyotendewa. Waliofuata kujitokeza walikuwa mamia. Mchezaji hufungua mdomo kwa sababu anaamini kwamba akisema jambo litaandikwa kama alivyolisema. Kipa yule atamwambia nini mwandishi mwingine siku akiwa na jambo zito la kusema?

Sitaki kusema kwamba hamkumpa chochote. Kipindi cha utangazaji wa redio amekisimulia hapa nyumbani mara tatu: jinsi mtangazaji anavyotaja matokeo mara kwa mara kwa ajili ya msikilizaji aliyefungua redio sasa hivi, na jinsi anavyosema kwanza mpira uko upande gani wa uwanja kabla ya kusema uko kwa nani. Mkufunzi wa kipindi hicho anastahili shukrani zangu, na nazitoa kwa moyo wote. Ndiyo maana naumia zaidi.

Yapo mengine mawili. Kipeperushi kiliahidi mkufunzi mmoja kwa vijana 8. Kundi lao lilikuwa na vijana 23 na mkufunzi mmoja. Na usiku ule, alipoomba kunipigia simu huku analia, msimamizi wa bweni alimwambia asubiri siku ya simu, ingawa fomu niliyotia sahihi inasema mtoto anaweza kupiga wakati wowote akiwa na msimamizi. Nilipata habari hizi siku nne baadaye. Fomu hiyo hiyo iliwaruhusu kuchapisha kazi na picha yake. Haikuwaruhusu kuibadilisha kazi hiyo na kuacha jina lake juu yake.

Niliwaandikia baruapepe siku aliyorudi. Mlinijibu kwa kumtumia cheti na punguzo la ada ya mwakani. Hatalitumia.

Nataka habari hiyo irekebishwe pale pale ilipotoka, na chini yake pawe na maelezo ya wazi kwamba nukuu iliyochapishwa awali haikutamkwa na mchezaji na haikuandikwa na binti yangu. Kuifuta kimyakimya hakutanitosha, maana walioisoma wataendelea kuamini walichosoma. Nataka kipa aombwe radhi kwa maandishi, na barua hiyo isainiwe na aliyeitunga nukuu. Picha ya binti yangu iondolewe kwenye matangazo yenu yote. Kuhusu ada, nirudishieni sehemu inayolingana na wakufunzi mlioahidi na ambao hawakuwepo. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko haya kwa mamlaka inayosimamia haki za watumiaji huduma.

Mkitaka kuisikiliza rekodi, niambieni. Lakini kabla ya kuwatumia nitamwomba kipa ruhusa, kwa sababu sauti ni yake.

Wenu,
Mama wa mshiriki, kundi la pili