Zuwena, lile sanduku la babu lisitupwe

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hamjambo, na mguu wa Bi Mkubwa umepoa. Mimi mzima, alhamdulillahi, kasoro baridi tu.

Salma kaniambia nyumba ya Malindi, hapo Unguja, inakarabatiwa na mafundi wanataka chumba cha juu kitolewe kila kitu. Moyo umenipasuka. Sanduku la babu yenu, lenye vitabu na karatasi zake za kale, limo mle!

Niko Granada, Uhispania, kwa kazi. Jana jioni nilikwenda uwanja wa Bib-Rambla, karibu na kanisa kuu lao. Pazuri, shoga: wauza maua, chemchemi yenye sanamu ya Neptuno, mungu wa bahari wa Warumi, juu na majitu ya mawe chini yake, familia zinakunywa chokoleti nzito kama uji na kuchovya churros, vijiti vya unga vya kukaanga. Nami niliagiza. Lakini nilishindwa kuimaliza, maana najua kilichofanyika pale.

Mji huu wa Waislamu uliwekwa mikononi mwa watawala Wakristo, Fernando na Isabel, Januari 1492, kwa mkataba ulioahidi Waislamu wataachiwa dini yao na misikiti yao. Haikufika miaka kumi. Mwaka 1499 akaja Cisneros, askofu mkuu wa Toledo, akawabatiza watu kwa nguvu, kisha akaamuru vitabu vya Kiarabu vikusanywe, vikatiwa moto kwenye uwanja ule. Hesabu hazipatani, wengine husema elfu tano, wengine makumi ya maelfu. Vilikuwamo vyenye majalada ya fedha na dhahabu. Watu walimwomba awape angalau majalada, akakataa. Alivyoviacha ni vya utabibu, akavipeleka mji wa Alcalá kwenye chuo chake. Na madrasa ya Sultani Yusuf wa Kwanza, iliyofunguliwa 1349, iko hatua chache tu kutoka pale. Fikiria walimu wake. Ningekuwa mmoja wao...

Sasa narudi kwenye sanduku, nawe nivumilie. Ile Maulidi yenye wino mwekundu, zile tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na lile daftari alimoandika pembeni bei ya karafuu na siku mliyozaliwa kila mmoja wenu: hazina nakala popote. Hapa palihitajika amri ya askofu mkuu na moto. Kwetu atatosha fundi mwenye haraka na mvua ya masika.

Nakuomba, lichukue kwako leo hii. Usiziweke karatasi kwenye mifuko ya plastiki, zitavunda. Zifunge kwa kitambaa safi cha pamba, ziwe juu, mbali na mchwa. Zilizochanika usizibandike selotepu. Usizianike juani hata zikiwa na unyevu, zitapauka. Halafu uende Nyaraka, ofisi inayohifadhi hati za kale, pale Kilimani, uwaulize kama wanaweza kuzipiga picha. Kuwapa moja kwa moja ni shauri lenu, mimi sisemi. Gharama ya kuzipiga picha nitabeba mimi, usibishane nami kwa hilo.

Kaka zako watasema ni makaratasi makuukuu. Waache waseme.

Sanduku liko wapi sasa hivi? Ufunguo anao nani, wewe au Bi Mkubwa? Mafundi wanaanza lini hasa? Mwalimu Haji macho yake bado yanamwezesha kusoma hati ile, na atakubali kukaa nawe akuorodheshee? Na ile Maulidi uliiona lini mara ya mwisho? Nijibu upesi, hata kwa maneno mawili.

Wako,
Rukia