Neema, darasa lina watu wangapi?

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Huku Ipagala ni wazima, vumbi tu. Baba yako mdogo kanipigia jana usiku, anasema umeshaamua: Mlimani basi, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyuo vingine hutaki hata kuvisikia, kwa kuwa umeona kwenye simu kwamba ndicho cha kwanza nchini. Nilikuuliza kwa meseji darasa lina watu wangapi, ukanirudishia kikatuni kinacheka. Ndiyo maana naandika barua.

Cha kwanza kwa lipi? Ile orodha ya Webometrics mnayotumiana inatengenezwa Hispania. Inaangalia tovuti ya chuo inavyounganishwa na tovuti nyingine na makala za walimu zinavyonukuliwa. Kompyuta za maabara haihesabu, wala foleni ya kumwona mwalimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini kozi zake za kompyuta hazifundishwi kule kilimani unakokuona kwenye picha, ziko Kijitonyama. Ukipangiwa kitanda Mabibo, kila asubuhi ni daladala. Hilo ulilijua?

Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha waliomaliza Kidato cha Sita, cha mwaka huu, usiazime cha mwaka jana. Kila kozi imeandikiwa sifa za kujiunga, miaka, na idadi ya nafasi. Hiyo idadi ndiyo naitaka. Ukikuta 200, usidhani utakaa na watu 200: mwaka wa kwanza yapo masomo ya pamoja, kama stadi za mawasiliano, ambayo huchanganya kozi kadhaa ukumbi mmoja. Na wewe ni mtu wa kuandika swali pembeni ya daftari badala ya kunyoosha mkono. Madaftari yako ninayo hapa, pembeni kumejaa alama za kuuliza. Vyuo vingi, alama 40 ni za majaribio na kazi za muhula, 60 za mtihani wa mwisho. Zile 40 zikikuponyoka kimyakimya, mwalimu mwenye kundi kubwa hatajua mpaka orodha ya sapu, wa kurudia mtihani, ibandikwe.

Pointi unazo. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2: Hesabu B, Fizikia C, Kemia D, jumla 9, na soko zima la Majengo wanajua, nimewaambia. Ila kile kiwango cha chini, masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zikigombewa wanaanza kuchukua wa juu. Weka kozi moja ya kutamani, mbili za saizi yako, na moja ambayo huwezi kuikosa.

Halafu "nasoma kompyuta" siyo jibu. Sayansi ya kompyuta ina hesabu nyingi, uhandisi wa programu unakaa zaidi kwenye kujenga mfumo na kuujaribu, mifumo ya habari iko karibu na ofisi na biashara. Pakua prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye orodha ya masomo, ruka mwaka wa kwanza maana huko zinafanana, usome masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Yakikuchosha kwa majina tu, hiyo siyo yako.

UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nao waulize swali lilelile, kuwa karibu nasi hakufanyi madarasa yao yawe madogo. Ila wizara ziko Mtumba, Mamlaka ya Serikali Mtandao iko hapahapa Dodoma, wakati wa fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini, hutahangaika kupanga chumba. Sisemi urudi nyumbani. Haya, nasema kidogo.

Hesabu ya hela uifanye kabla. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiwa elfu 10 kwa siku, siku 60 ni laki 6. Ukikosa hosteli, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Chumba cha elfu 60 ni laki 3 na 60. Kinachobaki ni elfu 4 kwa siku, kula, nauli na vocha humohumo.

Usijaziwe fomu steshenari kwa namba ya simu ya kijana wa pale. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwenye simu iliyoandikwa, na muda utaisha wewe bado unamtafuta kijana huyo. Cheti cha kuzaliwa nimeshakipeleka RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, kuhakikiwa kwa ajili ya mkopo. Angalia jina lako la kati lisomeke sawa na la cheti cha Kidato cha Nne, herufi kwa herufi.

Najua jina la Mlimani halikukuingia kichwani lenyewe. Akina mama wa kikundi cha Jumapili wanalijua tangu ukiwa Kidato cha Pili, na walilisikia kwangu, siyo kwako. Nitajua cha kuwaambia.

Bibi wa Bahi amepona mguu, anakuulizia. Mdogo wako amehamia kitanda chako na hataki kutoka. Zabibu tunakata wiki ijayo, bei bado wanatuyumbisha.

Nipigie Jumamosi uniambie hiyo idadi, kwa kila kozi uliyoandika. Mafuta ya alizeti, dumu la lita 10, nimeyapakia basi la asubuhi kutoka Nzuguni. Mpe mama yako mdogo nusu. Dumu lenyewe lirudi, ni la kuazima.

Mama yako